Tovuti ya bure: Ni zawadi au chambo?

“HALOO, ninazungumza na mwenye duka? Tungependa kukutengenezea tovuti bila malipo yoyote.”

Maneno kama hayo si mageni kwa wafanyabiashara wa Nairobi, kuanzia wauzaji redio wa Luthuli Avenue na washonaji wa River Road hadi wenye saluni na karakana za mbao kule Kangemi na Kawangware. Wanafunzi wa vyuo nao hawakosi ahadi za namna hiyo: lete kazi yako, tutaihifadhi kwenye mitambo yetu, hutatoa hata ndururu. Na kwa jinsi maisha ya jiji yalivyo ghali, ni nani atakayekataa cha bure?

Je, ndugu msomaji, utajuaje kama ahadi hiyo ni ya kuaminika? Wengi hutazama jina. Wakisikia la kampuni kubwa inayojulikana dunia nzima, hutulia. Wakisikia jina geni, hushuku. Kipimo hicho si kibaya lakini hakitoshi, na ushahidi uko hapa hapa kwetu.

Mwaka wa 2011 kampuni ya Google ilianzisha mradi wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti za bure. Wengi wao hawakuwa wakionekana popote kwenye intaneti, kwa hivyo mradi ulipokelewa vyema. Wakati huo palikuwa na kampuni nyingine, Mocality, iliyokuwa imekusanya orodha ndefu ya biashara za Kenya. Orodha hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Mawakala wenye simu mkononi waliandika majina ya maduka, mahali yalipo na nambari za wenyewe, nao wakalipwa kupitia M-Pesa.

Punde si punde, Mocality wakaanza kupokea simu za ajabu. Wenye biashara walitaka kusaidiwa na tovuti zao, ilhali Mocality haikuwa ikitengeneza tovuti! Walipochunguza kumbukumbu za kompyuta zao, wakagundua kwamba kuna mgeni aliyekuwa akipekua orodha yao biashara baada ya biashara, kila mara kutoka anwani ile ile ya intaneti.

Basi wakatega mtego. Desemba 2011 walipanga mitambo yao hivi kwamba mgeni huyo akifungua ukurasa, wakati mwingine badala ya nambari ya mwenye duka angeonyeshwa nambari ya kituo cha simu cha Mocality wenyewe. Mpigaji akadhani anazungumza na mfanyabiashara, kumbe anasikilizwa na kunaswa sauti. Wapigaji walisikika wakidai kwamba Google ilikuwa ikishirikiana na Mocality, jambo ambalo halikuwa kweli. Wengine hata waliwatisha wenye biashara kwamba Mocality ingekuja kuwatoza pesa baadaye.

Mambo yalianikwa hadharani Januari 2012. Makamu wa rais wa Google, Nelson Mattos, alikiri kwamba watu waliokuwa katika mradi huo walitumia data ya Mocality isivyofaa na kusema uongo kuhusu uhusiano wa kampuni hizo mbili. Aliomba radhi bila kujitetea. Mocality nayo ilifungwa mwaka wa 2013.

Hebu litafakari jambo hilo. Kampuni ilikuwa ya kweli. Tovuti zilikuwa za kweli, na zilikuwa za bure kama ilivyoahidiwa. Uongo ulikuwa mlangoni, kwa yule aliyebisha hodi kwa jina la mwenzake. Kwa hivyo kabla hujauliza utapewa nini, uliza ni nani anayekupa, na umthibitishe kwa njia ambayo si yeye aliyekuonyesha. Kata simu, tafuta mwenyewe nambari ya kampuni aliyoitaja, uwapigie. Mkweli hataudhika. Ama yule anayekuambia kwamba tovuti ni ya bure lakini utume “ada kidogo ya kuiwasha” kwa nambari ya mtu binafsi, au anayetaka picha ya kitambulisho chako na nambari yako ya siri ya M-Pesa, huyo ni mwizi mchana peupe na hana haja ya kuchunguzwa zaidi.

Sasa tuseme aliyebisha hodi ni mkweli. Je, kazi imekwisha? La hasha.

Tovuti huhitaji vitu viwili. Kwanza ni anwani, mfano wa nambari ya sanduku la posta. Pili ni mahali pa kukaa, yaani kompyuta kubwa iitwayo seva ambayo haizimwi usiku wala mchana. Seva hula umeme, huhitaji intaneti ya kasi na mafundi wa kuichunga. Kuna anayelipa hayo yote, hata kama si wewe. Mwamba ngoma, walinena wahenga, ngozi huivutia kwake. Wapo wanaolipwa na matangazo ya biashara watakayoyabandika juu ya ukurasa wako. Wengine hutarajia kwamba utakua na kununua huduma kubwa zaidi. Wengine huvuna habari zako. Mtoaji anayeeleza waziwazi anapata pesa wapi ni afadhali mara mia kuliko yule anayedai kwamba anafanya hisani tu.

Jambo linalowaponza wengi ni anwani. Google ilikuwa na huduma nyingine ya bure kwa wenye maduka: ukishaiandikisha biashara yako kwenye ramani yake, ungejitengenezea ukurasa mdogo ambao anwani yake huishia kwa maneno business.site. Haikuwa ulaghai hata chembe. Hata hivyo, Machi 2024 kurasa hizo zilizimwa, na kufikia Juni 10 mwaka huo hata mpango wa kuwaelekeza wageni kwingine ukakoma. Mfikirie fundi wa viatu aliyeichapisha anwani hiyo kwenye kadi zake, akaipaka rangi juu ya kibao cha duka na ubavuni mwa pikipiki ya kupeleka bidhaa. Kibao chaonekana kizuri kama jana, lakini mteja akifuata anwani hakuti kitu.

Haya si ya leo wala jana. GeoCities ilianza Marekani mwaka wa 1994, ikawapa mamilioni ya watu kurasa za bure, kisha ikanunuliwa na Yahoo mwaka wa 1999 kwa mabilioni ya dola. Oktoba 2009 ikafungwa. Ni watu wa kujitolea waliokimbia huku na kule kunakili kurasa nyingi walivyoweza kabla ya siku hiyo. Wanafunzi wa kompyuta nao watakumbuka Heroku, iliyohifadhi kazi za wengi bure hadi Novemba 2022. Hiyo angalau ilitoa ilani ya miezi mitatu.

Kisa cha 000webhost ni kichungu zaidi. Hiyo ilikuwa huduma maarufu sana ya bure, na mwaka wa 2015 ikabainika kwamba wadukuzi walikuwa wameiba taarifa za akaunti zaidi ya milioni 13. Kibaya ni kwamba maneno ya siri yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa wazi, kama mtu aliyeandika siri yake ukutani kwa chaki. Aliyekuwa akitumia neno lile lile kwa barua pepe yake alijikuta uchi kote kote. Huduma yenyewe ilifungwa mwaka wa 2024. Tatizo ni kwamba ubovu kama huo hauonekani kwa macho ya mteja. Unalokuwa na uwezo nalo ni kutumia neno la siri usilolitumia kwingine. Mtego mmoja tu ndio unaonasika mapema: ukisahau neno la siri, na kampuni ikakutumia lile lile la zamani kwa barua pepe, jua kwamba wanaliona. Hama siku hiyo hiyo.

Wenye kukusanya majina na nambari za simu za wateja, au picha za watoto wa shule, wana mzigo mwingine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 haiulizi kama seva ilikuwa ya bure. Habari za watu zikivuja kwa njia ya kuwahatarisha, wewe uliyezikusanya unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Kwa maoni yangu, orodha kama hiyo haifai kabisa kuwekwa kwenye huduma ya bure.

Kuna pia majina ya bure. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom iligawa anwani zilizoishia kwa tk ya visiwa vya Tokelau, ml ya Mali, ga ya Gabon na nyinginezo. Vijana wengi walizichangamkia. Lakini katika masharti, mwenye jina alikuwa kampuni; kijana alipewa ruhusa ya kulitumia tu. Matapeli nao walijaa humo, hata kampuni ya Meta, wenye Facebook, ikaenda mahakamani. Mwaka wa 2023 Freenom iliacha kuandikisha majina mapya na mwaka uliofuata ikatangaza kwamba inaachana na biashara hiyo.

Sisemi kwamba kila cha bure kikimbiwe. Mwanafunzi wa Chiromo au wa Kabete anayetaka kuonyesha kazi yake anaweza kutumia GitHub Pages, iliyoanza mwaka wa 2008 na ambayo tangu 2018 ni mali ya Microsoft. Masharti yake yameandikwa wazi: ukurasa usizidi gigabaiti moja, na usiutumie kuendesha duka. Pesa zao hutoka kwa makampuni yanayonunua huduma zao nyingine. Zaidi ya yote, nakala kamili ya kazi hubaki kwenye kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe. Ikifungwa kesho, atahamia kwingine kabla ya chakula cha jioni.

Kwa mwenye biashara, ushauri wangu ni kuutenganisha uwanja na nyumba. Nyumba, yaani seva, inaweza kuwa ya bure ukipenda. Uwanja, yaani anwani, nunua kwa jina lako. Anwani inayoishia kwa co.ke hugharimu takriban Sh1,000 kwa mwaka. Ukipewa ya “bure mwaka wa kwanza”, uliza mwaka wa pili ni pesa ngapi, maana hapo ndipo bei hufichwa. Majina yote ya Kenya husimamiwa na KeNIC, iliyoanzishwa mwaka wa 2002. Kama vile mtu hanunui ploti bila kufanya upekuzi Ardhi House, ndivyo unavyoweza kupekua jina katika tovuti ya KeNIC, ukaona liliandikishwa kupitia kampuni gani na muda wake unakwisha lini.

Upekuzi huo ni muhimu hata pale hakuna tapeli. Katika familia nyingi kazi hii hupewa mpwa au jirani anayejua kompyuta. Kijana huandikisha kila kitu kwa barua pepe yake mwenyewe, pengine kwa kurahisisha tu. Miaka miwili baadaye amepata kazi Dubai, ameisahau ile barua pepe, na ilani ya kulipia anwani inatumwa pasipo na wa kuisoma. Mwambie mapema, bila ugomvi: “Mwanangu, tumia barua pepe yangu, na neno la siri uniandikie kwenye daftari.”

Limebaki jaribio moja ambalo laweza kufanywa alasiri ya leo, watoto wakiwa nyumbani kusaidia. Ingia katika huduma unayoitumia au unayoshawishiwa kuitumia, utafute mahali pa kupakua kazi yako yote, maandishi na picha, uiweke kwenye kompyuta au flashi. Kisha zima intaneti ujaribu kuifungua. Ikifunguka, andika tarehe na urudie mwezi ujao. Ukitafuta kutwa nzima usipate mlango wa kutokea, anza kunakili ukurasa mmoja mmoja leo, wakati tovuti bado iko hewani.