Mate ya Asubuhi

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina bibi mmoja wa hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mwimbaji wa ngoma ya tufo, ambaye sauti imeanza kumtoka. Kila akiamka inakwaruza. Anakohoakohoa kusafisha koo, anahisi kitu kimemkwama, na akimeza hakishuki. Homa hana, mafua hana, wala kifua hakimuungui. Wenzake wanasema ameimba kupita kiasi. Je, ni kweli?

Tuanzie tumboni. Humo mna asidi kali, na mna pepsini, kimeng'enya kinachokatakata protini za samaki na kunde tunazokula. Mjerumani Theodor Schwann ndiye aliyeigundua mwaka 1836. Kati ya koo na tumbo upo umio, njia ya chakula, na juu na chini yake ipo misuli inayoubana. Misuli hiyo ikilegea, vilivyomo tumboni hupanda. Vikiishia kifuani, mtu hupata kiungulia. Vikifika kooni, huenda asisikie moto wowote, lakini sauti ikaharibika. Tumbo lina ute mzito unaolikinga. Koo halina kinga kama hiyo. Tena pepsini ina hila: asidi ikipungua hulala pale pale kooni, na asidi ikipanda tena huamka na kuendelea kukata.

Mtajuaje kuwa imepanda? Kipimo kinachotumika tangu zamani ni kupitisha mrija mwembamba puani hadi kwenye umio na kuuacha humo kutwa kucha. Kinahitaji hospitali yenye vifaa na mtaalamu. Kwa mgonjwa wa Palma, hiyo ni safari ndefu, kupita Mocímboa da Praia na kuendelea kusini.

Ndipo watafiti wa Hull, Uingereza, wakayageukia mate. Walijua kwamba pepsini kwao ni tumboni. Kuikuta mdomoni ni kama kumkuta papa kisimani, lazima uulize amepita wapi. Wakatengeneza kipimo kinachoitwa Peptest. Mgonjwa hutema mate kwenye kichupa, mara nyingi anapoamka au saa moja baada ya kula. Ndani ya kichupa mna asidi ya limau kidogo ya kuyahifadhi. Mate huzungushwa kwenye mashine ili uchafu utuame, kisha matone machache huwekwa kwenye kibao cha kupimia.

Kibao hicho ni ndugu wa kile cha malaria mnachokiona mkichomwa kidole. Ndani yake mna kingamwili za aina mbili. Za kwanza zina rangi, nazo huidaka pepsini na kusafiri nayo. Za pili zimesimama mahali pamoja zikiingoja. Zikiinasa, rangi hujikusanya na mstari ukatokea. Mstari mwingine huonyesha tu kwamba kibao chenyewe ni kizima. Jibu hupatikana ndani ya dakika 15 hivi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mstari wa pepsini unasema jambo moja tu: pepsini imeonekana kwenye mate haya. Hausemi kwamba ndiyo iliyoharibu sauti, maana hata baadhi ya watu wazima wa afya hukutwa nayo. Na mstari usipotokea leo, huenda kesho ukatokea, kwa sababu vilivyomo tumboni havipandi kila saa. Kwa hiyo madaktari wengine wanakipenda kipimo hiki, wengine wanakitilia shaka. Kibao hakiwezi kuchungulia kooni kuona uvimbe. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, lazima koo litazamwe na daktari.

Hata kabla ya kupimwa, bibi yetu anaweza kula mapema jioni, kupunguza mafuta na pilipili, na kungoja muda wa saa tatu kabla ya kulala.

Nanyi, siku mkipimwa chochote, muulizeni mhudumu kwa heshima: kipimo hiki kinatafuta nini, na ni kitu gani hakiwezi kukiona? Anayejua majibu ya maswali hayo mawili hadanganywi na mstari.