Ngozi ya Pomboo Ina Wenyewe

Wageni wengi wanaotoka kuwaangalia pomboo Kizimkazi, kusini mwa Unguja, huisifu ngozi yao: nyororo, inang'aa, safi kabisa. Nyororo ni kweli. Lakini juu yake wanaishi bakteria chungu nzima, na si wale wale wanaoelea katika maji ya jirani. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza ngozi za pomboo na nyangumi wauaji waliokuwa wakifugwa Antibes, Ufaransa, walikuta kila spishi ina bakteria wake. Hata pomboo na pomboo mwenzake hawakulingana.

Kuishi hapo si kazi rahisi. Tabaka la juu kabisa la ngozi ya pomboo hubanduka na kuota jipya takriban kila saa 2. Bakteria aliyeshika seli hii hana budi kuwahi inayofuata kabla ya ya kwanza kuchukuliwa na maji. Ndiyo maana mwani unaoganda chini ya ngalawa kwa majuma machache hauonekani mwilini mwa pomboo mzima wa afya.

Na pomboo naye haiachii ngozi kazi yote. Katika Bahari ya Shamu, pwani ya Misri, mtafiti Angela Ziltener na wenzake wamewachunguza kwa miaka pomboo wa spishi ile ile ya Kizimkazi, Tursiops aduncus. Hujipanga foleni mwambani, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akijisugua kwenye tumbawe laini, kisha huzunguka na kurudi kusubiri zamu yake tena. Tumbawe likisuguliwa hutoa ute. Hawajisugui popote tu: huchagua aina chache za matumbawe na sponji, na watoto wasiofikisha mwaka hutazama tu wakubwa wanavyofanya. Maabara nchini Ujerumani ilikuta katika matumbawe na sponji hizo kemikali 17 zenye nguvu, baadhi zikiwa za kupambana na bakteria. Watafiti wanadhani ute huo huwasaidia kulinda ngozi na kudhibiti maambukizi.

Kujisugua huku hufanyika wanapopumzika, kabla ya kulala na baada ya kuamka. Hapa ndipo ninapoudhika. Ghuba ya Menai, ilipo Kizimkazi, ni eneo la hifadhi tangu 1997, na bado boti huwazingira pomboo waliotulia, injini zikinguruma, wageni wakiruka majini mbele yao. Utafiti uliofanywa huko huko ulionyesha kuwa boti zikiwepo pomboo hupumzika kidogo na kutwa huhangaika kwenda huku na huko. Mnyama asiyepata usingizi atapata wapi muda wa kutunza ngozi?

Na ngozi ikishindwa, huwa balaa. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, pomboo walionekana karibu na New Orleans, Marekani, wakiwa na mabaka mwilini, maji yakiwa yamepungua chumvi. Australia nako yametokea. Chumvi ikipungua, seli huvimba, hupasuka, kisha kuvu, mwani na bakteria wageni huvamia. Vidonda huweza kufunika hadi asilimia 70 ya ngozi.

Ndiyo maana faida za kuwajua bakteria wa kawaida wa ngozi hii ni nyingi: kupima afya ya pomboo, kubaini mapema maji yaliyoharibika, kutafuta dawa.

Manahodha wa Kizimkazi, mkiwakuta wametulia, zimeni injini kwa mbali, na mgeni abaki botini.