Gitaa bovu la 85,000: hesabu yangu yote, mpaka siku liliporudi kwa basi

Mimi nina fremu ndogo ya chaja, hedifoni na redio hapa Kibondo mjini, na nusu ya mauzo yangu yanapitia stetasi ya WhatsApp na Facebook. Biashara sijaisomea. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza na boksi moja la chaja. Watu wamekuwa wananiuliza kama vyombo vya muziki vya mtumba vinalipa. Leo najibu kwa hesabu, ila itabidi nikiri na kosa moja ambalo mpaka sasa nikilikumbuka nakosa raha.

Ilianza hivi. Jamaa mmoja wa Kasulu aliposti picha ya gitaa la umeme. Kwaya yao ilikuwa imepata vyombo vipya, la zamani likabaki stoo. Alitaka 120,000. Mimi gitaa sijui kupiga hata wimbo mmoja, lakini najua kwamba huku kwetu kila kwaya inataka gitaa la solo, vijana wanapenda sebene, na gitaa jipya bei yake inawashinda wengi. Hilo sio jambo la leo. Hata enzi za dansi, wanamuziki wengi walipiga vyombo vya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mtu kumiliki gitaa lake mwenyewe ilikuwa habari nyingine. Kwa hiyo soko la gitaa la mtumba lipo.

Nikapanda gari asubuhi mpaka Kasulu. Gitaa nikalikuta lina nyuzi tatu badala ya sita, skrubu zina kutu, na vumbi jekundu limeingia kila tundu. Si mnajua vumbi letu la kiangazi. Kile kipande kidogo cha juu ya shingo, ambacho nyuzi zinapita kwenye vijia vyake, kilikuwa kimevunjika. Nikashusha bei mpaka 85,000. Hela hiyo ilikuwa sehemu ya kodi ya fremu, na kodi ilikuwa inatakiwa mwisho wa mwezi. Nikajipa moyo: wiki mbili tu, imerudi.

MATENGENEZO

Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi redio. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba huku macho yako kwenye gitaa. Nikamwambia sijawahi kufungua gitaa. Akasema, "Mjukuu wangu, hii ni redio yenye shingo. Lete bisibisi."

Hakukosea sana. Baadaye nilisoma habari za Leo Fender, yule Mmarekani ambaye kampuni yake ilitoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayotufikia yameiga umbo lile. Kabla ya hapo alikuwa fundi redio, alifungua duka lake la kutengeneza redio California mwaka 1938, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Shingo aliifunga kwenye mwili kwa skrubu, haikugundishwa. Ndo maana gitaa la aina hii linafunguka na linatengenezeka. Kwa hiyo wewe ambaye hujui kupiga usiogope kufungua. Ogopa kununua bila kukagua.

Kazi tuliyofanya ni hii:

Kwanza, kipande cha juu ya shingo. Nilienda buchani nikaomba mfupa wa ng'ombe. Nikauchemsha, nikautoa mafuta, nikauanika mpaka ukakauka kabisa, halafu nikaukata na kuupiga tupa jioni mbili. Vijia sita, kimoja kimoja, nyuzi nene kijia kipana, nyuzi nyembamba kijia chembamba. Gharama yake sifuri. Mfupa ni mgumu na unapitisha sauti vizuri, hata magitaa ya bei kubwa yanautumia.

Pili, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Vilikuwa vyeusi. Tukavisugua kwa steliwaya laini. Angalizo: kabla ya kusugua, ziba pikapu kwa selotepu. Pikapu ninazosema hapa sio gari, ni vile visanduku vilivyo chini ya nyuzi. Ndani yake kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya ule, na huo ndo unaenda kwenye spika. Sasa chembe za steliwaya zikinaswa na sumaku, utazitoa mpaka uchoke.

Tatu, umeme. Vile vitufe vya kuzungusha sauti vilikuwa vinakwaruza. Tulipuliza dawa ya kusafishia, kimoja kikapona, viwili tukabadilisha. Fundi akapima pikapu zote kwa mita, zikasoma kilo-omu kadhaa, kwamba waya wa ndani haujakatika. Ingesoma kwamba njia haipo kabisa, hiyo pikapu ingekuwa imekufa.

Nne, nyuzi mpya kutoka Dar, tone la mafuta ya cherehani kwenye vifungo vya kukazia, na programu ya bure ya simu ya kupanga sauti. Mwishoni tukapima kila uzi mara mbili: ukiwa wazi, halafu ukiwa umebanwa kwenye kijiti cha 12. Sauti inatakiwa iwe ileile, ila ya juu yake. Ikizidi, unasogeza kidaraja cha uzi huo nyuma kidogo, mbali na shingo. Ikipungua, unakileta mbele.

Nikalijaribu nyumbani kwenye sabufa, nimekaa kwenye kiti. Likaimba. Dakika kumi hivi. Katikati hapo likakwaruza mara moja, krrr, likanyamaza, likarudi. Nikajiambia ni waya wa sabufa.

Hapo ndo kosa langu lilipo. Nilisikia. Waya ule ule nilikuwa nautumia kila siku na haujawahi kukwaruza. Lakini siku za kodi zilikuwa zimebaki tano.

TANGAZO LA KWANZA

Nikapiga picha asubuhi, mwanga mzuri, mwili wa gitaa unang'aa. Nikaandika: "Gitaa la umeme, kama jipya, HALINA TATIZO LOLOTE, 260,000." Siku ya tatu mpiga gitaa wa kanisa moja huko huko Wilaya ya Kasulu akalipia yote. Nikalifunga vizuri, nikalituma kwa basi kwa 5,000. Siku hiyo hiyo nikalipa kodi ya fremu, na iliyobaki nikaagiza hedifoni.

Jumatatu akapiga simu. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Akasema, "Ndugu yangu, jana tumesimama mbele ya kanisa, gitaa likakata katikati ya wimbo. Nikigusa waya linarudi, nikisogea linakata. Waumini wameniangalia mimi, hawajaangalia gitaa. Hela ya kununulia ilikuwa mchango wa kwaya."

Nikatafuta maneno. Nikamwambia labda ni spika yenu. Akasema, "Tumejaribu spika mbili."

Jioni nikamwelezea mama. Nilitegemea aniambie mali ikishauzwa imeuzwa. Akaniuliza swali moja: "Mwanangu, ulijua au hukujua?"

Nikasema, "Nilisikia mara moja tu."

"Basi ulijua. Mrudishie mwenyewe hela yake."

Hela ilikuwa imeshatoka. Mama akakopa kwenye kikoba chake, kwa jina lake, nikamrudishia yule mtu 260,000 kamili. Nauli ya kulirudisha gitaa, 5,000, nikalipa mimi. Nikamwomba samahani. Akasema sawa. Nilivyolitengeneza upya nikampigia tena, akanijibu kwa heshima kwamba wameshapata lingine. Hajawahi kununua kitu kwangu tangu siku hiyo.

UBOVU ULIKUWA WAPI

Ulikuwa kwenye tundu la jeki, pale waya unapochomekwa. Tulibadilisha vitufe lakini tundu tukaliacha la zamani kwa sababu "linafanya kazi". Nati yake ilikuwa imelegea, kila mtu akichomeka waya tundu linazunguka kidogo, na nyaya za ndani zikawa zimekatika uzi mmoja mmoja mpaka zikabaki mbili tatu. Mtu akikaa kimya, sauti inapita. Akisimama na kucheza, inakata. Mimi nilijaribu nimekaa. Mteja wangu anapiga amesimama. Tundu jipya lilikuwa 4,000. Fundi akalifunga bure, kwa aibu yake na yeye.

HESABU KAMILI

Mwanzo nilikuwa nahesabu gitaa 85,000, nyuzi 15,000, vitufe 12,000, dawa ya kusafishia 10,000 na fundi 15,000. Jumla 137,000. Nikauza 260,000, nikajipongeza kwa faida ya 123,000. Hesabu ya ukweli ni hii:

Gitaa: 85,000
Nauli Kibondo–Kasulu kwenda na kurudi: 30,000
Nyuzi: 15,000
Kutumiwa nyuzi kutoka Dar: 8,000
Vitufe viwili: 12,000
Dawa ya kusafishia: 10,000
Fundi: 15,000
Msasa, steliwaya, gundi: 6,000
Basi kwenda na kurudi: 10,000
Tundu la jeki: 4,000
Jumla: 195,000

TANGAZO LA PILI

Safari hii nikaandika hivi: "Gitaa la umeme la mtumba. Limebadilishwa nyuzi, vitufe viwili na tundu la jeki. Kipande cha juu ya shingo ni cha mfupa, nimechonga mwenyewe. Rangi imebanduka nyuma, vijiti vitatu vya mwanzo vimelika kidogo ila havikwamishi sauti. Linavuma kidogo ukiwa hujagusa nyuzi. Njoo ulijaribu. Likikuletea tatizo la umeme ndani ya siku 14, nalitengeneza au narudisha hela." Nikaweka picha ya pale palipobanduka, na video: kijana mmoja analipiga amesimama, mimi nauvuta waya huku anapiga.

Maswali yakawa machache kuliko tangazo la kwanza. Lakini waliouliza walikuwa wanunuzi kweli. Kijana mmoja wa hapa hapa Kibondo anayepiga kwenye sherehe akaja, akalijaribu saa nzima, akanionyesha vijiti vilivyolika ambavyo nilishaviandika mwenyewe, akaomba punguzo. Tukamalizana 230,000. Siku 14 zikapita sijapokea simu.

230,000 toa 195,000, faida 35,000. Kwa wiki saba. Yaani 5,000 kwa wiki. Hela ile ile kwenye hedifoni ingezunguka mara kadhaa. Mkopo wa kikoba tumemaliza kulipa, ila mama aliukalia vikao viwili akiwa mdaiwa kwa sababu ya neno nililoandika kwa herufi kubwa.

KWA HIYO INALIPA?

Inalipa kama ukikagua kabla ya kutaja bei. Mimi sasa nikienda kuangalia gitaa nabeba waya, kisabufa kidogo, bisibisi na mita, na nafuata mpangilio huu:

1. Shingo. Liangalie kwa urefu kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Kupinda mbele au nyuma kidogo kunarekebishika, kwa sababu ndani ya shingo kuna nondo nyembamba inayokazwa kwa spana ya L, robo mzunguko kwa mara moja. Shingo iliyojisokota kama kamba, achana nayo.

2. Pikapu. Chomeka waya, gusa kila pikapu kidogo kwa bisibisi. Ukisikia "to" kwenye spika, ipo hai.

3. Vitufe. Zungusha vyote. Vikikwaruza ni vumbi au uchakavu, hesabu gharama yake hapo hapo.

4. Tundu la jeki. Tikisa waya, vuta, simama, tembea nao.

5. Mvumo. Gitaa likivuma, shika nyuzi. Mvumo ukipungua, hiyo ni kawaida. Usipobadilika, huenda waya wa ardhi umekatika.

6. Vijiti vya shingoni. Bonyeza kila uzi kila kijiti. Sauti ikikwama sehemu nyingi, kazi hiyo ni ya fundi wa magitaa, na huku kwetu kumpata ni shughuli.

Kila ubovu utakaouona, uandike kwenye daftari na bei yake. Orodha hiyo hiyo ndo utakayotumia kupunguziwa bei unaponunua, na ndo hiyo hiyo utakayoiweka kwenye tangazo unapouza. Usitengeneze orodha mbili.

Wiki iliyopita nimeitwa tena Kasulu kuangalia gitaa lingine, jekundu, zuri kwa macho, 70,000. Safari hii nilikuwa na mzigo wa kufuata, nauli ikagawanyika. Nikaangalia shingo, imejisokota. Nikamwambia muuzaji ukweli, nikamshukuru, nikarudi na mzigo wangu wa chaja. Nilivyofika nyumbani mama akauliza, "Gitaa liko wapi?" Nikamwambia nimeliacha. Akacheka, akaniwekea ugali.