Jangwa si Mahali Patupu

Wengi wetu tukisikia neno jangwa hudhani ni mahali palipokufa. Mwezi wa Mei, wakati wa majira ya kuchipua, mimi na mke wangu tulikwenda mapumziko Arizona, Marekani, kwenye hifadhi ya Saguaro iliyo pande mbili za mji wa Tucson. Tuliyoyaona huko ni kinyume kabisa.

Saguaro ni aina ya dungusi, na hufikia urefu wa meta 12 au zaidi. Mvua ikinyesha, mizizi yake iliyotanda karibu na uso wa ardhi hunyonya maji upesi, na shina lenye mikunjo hutanuka kuyaweka akiba. Ua lake jeupe hufunguka usiku na kunyauka kesho yake alasiri. Katika saa hizo chache popo, nyuki na njiwa hufuata utamu wake, na hivyo husambaza chavua. Kigong'ota hutoboa shina akafanya kiota. Akihama, bundi mdogo huingia. Yuko hata panya aishiye bila kunywa maji, mbegu anazokula zikamtosha.

Lakini uhai huo hukua polepole. Saguaro wa miaka minane huwa hajafika sentimeta nne, tena amejificha chini ya mti mwingine. Mke wangu aliposikia hayo alisema, "Kumbe hatua moja nje ya njia yatosha kufuta miaka minane!"

Nasi tunazo nyika tunazoziita tupu. Kabla ya kuzipitishia trekta, tuulize kwanza nani anaishi humo.