Mtoto wa akili nyingi bado ni mtoto

Mwanzo wa mwezi wa 7, siku ya kutangaza pointi, kila kambi na kila mtaa wa wachimbaji uko na mtoto wake mwenye kuitwa wa kwanza. Mama anapiga vigelegele, wajomba wanatosha franka mbili tatu, jirani anasema: «Ule mutoto, bongo yake ni mashini!» Ni furaha ya haki. Lakini kuanzia ile siku mtoto anapewa kazi ya pili, na hakuna mwenye kumwuliza kama anaitaka.

Kazi gani? Anakuwa karani wa familia. Ni yeye anayesoma barua ya kampuni, ni yeye anayefundisha wadogo zake mangaribi, ni yeye anayeitwa wageni wakifika: «Njoo, uhesabie mjomba!» Na kwa wale wenye kuchimba kwa mikono, upande wa Kolwezi, ni yeye baba anaenda naye ku depo. Wasomaji wetu wanajua vile inaendaka kule. Mnunuzi anapima gunia, anaweka ile mashini ya Metorex juu ya jiwe kuona ni kiasi gani cha shaba ao kobalti kiko ndani, anatosha kilo za maji, anataja bei. Yote kwa haraka. Mtoto wa miaka 10 mwenye kuhesabu mbio kuliko mnunuzi ni silaha. Baba anamsimamisha pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini: «Anatuiba?»

Tufikiri kidogo juu ya lile ulizo. Mtoto akisema ndiyo, maneno makali yanaanza kati ya wanaume wazima, mbele yake. Akisema hapana, na kesho inaonekana pesa ilipunguka, ni yeye aliyekosa. Hesabu anaiweza. Uzito wake, hapana.

Mwanasaikolojia mmoja wa Ufaransa, Jean-Charles Terrassier, aliwaangalia watoto wa namna hii kwa miaka mingi na akapatia hali yao jina: dyssynchronie. Kwa lugha yetu tuseme: miaka isiyotembea pamoja. Mtoto alizaliwa miaka 9 iliyopita, lakini kichwa kinafikiri kama cha miaka 13, moyo unabaki wa miaka 9, na mkono wa kuandika pengine ni wa miaka 8. Ndiyo maana anaweza kukueleza namna umeme unatoka ku Nseke mpaka ku taa ya nyumba yenu, kisha dakika tano nyuma analia na kupasua daftari juu ya herufi moja iliyopinda. Kichwa kilikwisha kufika, mkono uko bado njiani. Mzazi anakasirika: «Mutoto wa akili vile, unalia juu ya kalamu?» Ndiyo, analia. Ni haki yake ya miaka 9.

Kwa familia za migodi iko jambo moja zito kuliko kalamu. Mtoto wa kawaida akisikia shimo limeanguka, anaogopa siku mbili, kisha mupira unamsahaulisha. Mtoto mwepesi wa akili anaanza kupanga mambo kichwani. Anauliza shimo liko na mita ngapi, hewa inafika namna gani, maji yakiingia watu wanatoka wapi. Alisikia ku radio kwamba sheria inakataza shimo la mchimbaji wa mikono kupita mita 30. Sasa anauliza: «Baba, ya kwenu iko mita ngapi?» Na baba anajua jibu. Kwa wale wa kampuni ni vilevile: baba akiwa na kazi ya usiku, mtoto hasinzii mpaka asikie buti mbele ya mlango, na asubuhi mwalimu anashangaa kwa nini mtoto wa kwanza analala juu ya meza.

Wengi wetu tunamjibu: «Wewe uko na akili, hauwezi kuogopa.» Jibu hili ni baya mara mbili. Linamwambia kwamba woga ni upumbafu, kisha linamwacha peke yake na hesabu zake. Kumdanganya pia hakusaidii, juu atachunguza. Kinachosaidia ni maneno mafupi ya kweli: «Kazi ya baba iko na hatari. Mbele ya kushuka tunaangalia kuta. Kuangalia ile ni kazi yangu mimi na wenzangu, haiko kazi yako. Ukisikia woga, uje uniambie, hata usiku.» Lakini angalisho: kama haumuangalii ukuta, usimwambie unauangalia. Mtoto huyu atauliza rafiki yako wa shimo, na siku hiyo utapoteza kitu kikubwa kuliko gunia.

Tuje sasa ku sifa. Mwaka 1998, watafiti wawili wa chuo kikuu cha Columbia kule New York, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitangaza kazi yao na watoto wa kalasi ya 5. Waliwapa mafumbo mepesi. Watoto walipomaliza, wengine waliambiwa «uko na akili», wengine «umefanya kazi kwa nguvu». Kisha wote walipewa mafumbo magumu, na mwishoni mepesi tena. Wale wa «uko na akili» walirudi nyuma, hata mafumbo mepesi yaliwashinda kuliko mara ya kwanza. Wale wa «umefanya kazi» walipanda. Na kuna jambo lililonigusa zaidi: walipoambiwa waandikie watoto wa masomo mengine pointi walizopata, wale waliosifiwa akili walidanganya wengi kuliko wenzao. Mtu akikuambia akili ndiyo jina lako, pointi mbaya ni kama kunyanganywa jina.

Njo maana mtoto wa kwanza mara nyingi ni yule anayeficha karatasi ya pointi akiangukia wa tatu. Sisi tunasema ni kiburi. Kwa maoni yangu ni woga. Mpatie sifa, lakini ishike ku kitu alichofanya: «Nimeona umerudilia lile zoezi mara tatu.» Na mpatie kitu asichokiweza mbio: kupika bukari isiyo na madonge, kupiga ngoma, kutengeneza baiskeli, kucheza kisolo na babu ambaye hatamwachia ashinde. Mtoto asiyeshindwa hata mara moja mbele ya miaka 12 ataanza kujifunza kushindwa ku masomo makubwa, wakati inauma zaidi.

Wamarekani wanamkumbuka William Sidis, aliyeingia chuo kikuu cha Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11. Magazeti yalimfuata kama vile watu wanafuata mchezaji wa mupira. Alipokuwa mtu mzima alikimbia macho ya watu, akatafuta kazi ndogo za ofisi ambazo hakuna mtu angemjua, na alikufa mwaka 1944 akiwa na miaka 46. Sisemi kila mtoto mwerevu anaishia vile, hapana. Lakini kumbuka Sidis kila mara unapotaka kumwita mtoto usiku ahesabie wageni.

Fasi ingine ya hatari ni ile wengi wanaogopa kuisema mu gazeti. Kwetu, mtoto anayeongea kama mzee, anayependa kukaa peke yake, anayekesha usiku, anayejua mambo ambayo hakufundishwa, mara ingine anatupiwa neno: muloji. Inatokea zaidi nyumba ikiwa na shida: baba alipoteza kazi, mtu wa familia alikufa ku mine, na watu wanatafuta mwenye kubeba kosa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inaadhibu mtu mwenye kumshitaki mtoto uchawi. Shangazi ao mchungaji akianza maneno hayo, baba na mama wasimame pamoja siku ile ile, wasingojee mkutano wa familia. Mtoto mwenye bongo nyepesi atakuwa amekwisha kuelewa yote yaliyosemwa nyuma ya pazia.

Na masomo? Tangu masomo ya primeri ya Serikali yalipowekwa bila malipo mwaka 2019, kalasi zimejaa, na mwalimu hana nafasi ya kumtafutia mtoto mmoja zoezi la pekee. Anayemaliza kwanza anaanza kusumbua jirani yake, anapigwa, na anajifunza kuficha akili yake ili aachwe kimya. Wazazi wengine wanaomba aruke kalasi. Watu wanauliza kama hiyo itamharibu. Kule Australia, Miraca Gross alifuata watoto 60 wenye akili ya pekee tangu udogo wao mpaka utu uzima. Waliobakizwa na wenye miaka yao, bila kazi inayowafaa, ndio walioteseka zaidi kupata marafiki. Waliorushwa mbele kwa uangalifu walipata wenzao wa kuongea nao. Kwa hiyo kuruka kalasi si dhambi. Lakini muulizeni mwalimu wa kule anakoenda kama atampokea vizuri, na muulizeni mtoto mwenyewe. Na akiruka, mangaribi arudi ku uwanja na wale wa miaka yake, achafuke, agombane, apatane. Rafiki wa kuongea naye na rafiki wa kucheza naye wanaweza kuwa watu wawili. Hata kwa wakubwa iko vile.

Usisahau yaya yake na mdogo wake. Ukisema mbele yao «muone mwenzenu», umefanya adui wawili ndani ya nyumba moja, na yule uliyemsifu ndiye atalipa, usiku, mu chumba mnamolala watoto sita.

Inabaki ile kazi ya ku depo. Najua maisha yako namna gani, na baba asiyesoma sana anaogopa kuibiwa kwa haki. Lakini hesabu yenyewe si ndefu: kilo, unatosha kilo za maji, unazidisha na bei ya ile nguvu ya jiwe. Telefone ndogo kabisa iko na mashini ya kuhesabu. Siku ya Mungu kisha ibada, baba akae na mtoto ku meza, mtoto amfundishe. Kila mchimbaji wa kundi anaweza kuja na daftari yake. Baba atakosea mara ya kwanza, na mara ya pili, na mtoto atamwona baba yake akicheka, akifuta, akianza upya. Siku ya kuuza, baba aende ku depo na wenzake, na mtoto abaki ku mupira.