Kikao Kwanza, Simu Baadaye

Zamani kisukari na shinikizo la damu vilihesabiwa kuwa maradhi ya wakubwa wa mijini, watu wa viti na magari. Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na karibu 26 katika 100 wana shinikizo la damu. Mkulima wa Nkwenda au wa Bweranyange hana kinga ya peke yake. Bodaboda imempunguzia mwendo wa miguu, soda na maandazi vimefika katika kila genge, na rubisi, iliyokuwa kinywaji cha sherehe, kwa baadhi ya ndugu zetu imekuwa kifungua kinywa.

Katika Karagwe jambo hili lina historia yake. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika, alistaajabu kuona wake wa wakubwa wakinyweshwa maziwa mchana kutwa hata wakashindwa kusimama, kwa kuwa unene ulikuwa ndio uzuri na heshima ya nyumba. Hatulisemi hili kwa kuwadharau wazee wetu. Desturi ile imekwisha, lakini fikira yake ingalipo: mtu akinenepa huambiwa amependeza, akikonda huulizwa amepatwa na nini. Na huku watu wazima wakisifiwa unene, takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kuwa katika mkoa wa Kagera watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wa ndizi, maharage na samaki!

Fikira ya namna hiyo haiondolewi na ujumbe mfupi wa simu. Hatuidharau simu. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kuwapelekea wajawazito na wenzi wao ujumbe wa bure, na nchini Senegali, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2014, wagonjwa wa kisukari walipelekewa maelekezo ya kufunga na kufuturu kwa njia hiyo hiyo. Hayo ni mambo mema. Lakini simu humfikia mwenye simu peke yake. Katika nyumba nyingi za vijijini mwenye simu ni baba, na mwenye kutia chumvi katika chungu ni mama. Baba husoma kwamba chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, akairudisha simu mfukoni, akaketi kungoja chakula.

Taifa letu lilikwisha kulipatia jambo hili jibu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, wakati Karagwe ingali katika Mkoa wa Ziwa Magharibi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni mbili wakakusanyika kwa wiki 12 kuizunguka redio. Walisikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho na maradhi ya kuhara, kisha wakaulizana: hapa kwetu tufanye nini? Redio ilisema, lakini kikundi ndicho kilichoamua. Mtu aliyeahidi mbele ya jirani zake kwamba atachimba choo alijua kuwa wiki ijayo ataulizwa choo kiko wapi. Ndiyo maana vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa utaratibu huo huo, na mwaka 2024 serikali ikalirudisha jina la Mtu ni Afya. Twaomba kirudishwe na kikao, lisirudi jina tupu.

Choo, hata hivyo, huchimbwa mara moja; kula ni kila siku. Wiki 12 hazitoshi. Nchini Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu waliokaribia kupata kisukari, walipofundishwa na kufuatiliwa kwa muda mrefu katika kula na kutembea, walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31 tu.

Vikundi havina haja ya kuundwa upya. Karagwe na Kyerwa, ingawa ni wilaya mbili tangu mwaka 2012, zina vyama vya msingi vya kahawa, zina VICOBA na zina vyama vya kuzikana. (Ni ajabu kidogo kwamba tumejipanga vema zaidi kuzikana kuliko kuzuia kufa.) Redio ya kijamii ya FADECO ipo Karagwe. Simu moja ya katibu, ikifunguliwa sauti katikati ya wanachama, inatosha kuleta somo la wiki. Lakini vyama vya kahawa vina wanaume wengi. Somo la chungu likifanyika humo bila akina mama, litaishia humo humo.

Kikundi cha kuweka akiba kinaweza kutenga fedha kidogo kidogo kikanunua mizani na kipimo cha shinikizo la damu, na kumwomba mhudumu wa zahanati awafundishe wawili watatu kukitumia. Kazi hiyo ianze mapema, kabla ya mwezi wa Mei. Kahawa ikianza kuiva, hakuna atakayepata nafasi ya kuketi.