Meno manane na shilingi milioni mbili

Ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Ya chini anayo manane, na hayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha wengi wanaouzwa kati ya Soni, Lushoto na Mlalo, kwenye milima ya Usambara. Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilikuta nchini Tanzania ng'ombe wapatao milioni 34, na wenye tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa popote ni wachache sana. Kwa hiyo mnunuzi huuliza umri, huambiwa "huyu ni uzao wa tatu", halafu humtaka mwenye mali amfungue ng'ombe kinywa. Kinywa hicho kikimpoteza, hasara yake ni kiasi gani?

Ndama huzaliwa na meno ya maziwa, au humwota katika wiki zake za kwanza. Hayo ni madogo, meupe na membamba shingoni. Kisha hung'oka mawili mawili, kuanzia katikati kwenda pembeni, na nafasi zao huchukuliwa na meno mapana ya kudumu. Jozi ya kwanza hutoka katika umri wa miezi 18 hadi 24, ya pili miezi 24 hadi 30, ya tatu kwenye miaka mitatu hivi, na ya nne kati ya miaka mitatu na nusu na minne. Ng'ombe wa kienyeji huchelewa miezi kadhaa kuliko chotara wa kizungu, na wengine hukamilisha yote manane wakikaribia miaka mitano. Ukijumlisha magego, ng'ombe mzima ana meno 32; ila hakuna dalali anayefika huko nyuma, na hana haja.

Mpaka hapo meno husema kweli, au hukosea kwa miezi sita tu. Miezi sita hiyo tuipe bei. Tuseme umeuziwa mtamba ukiambiwa ana miaka miwili na nusu, kumbe ana miwili. Utamlisha miezi sita zaidi kabla hajazaa. Majani, pumba na madini vikikugharimu shilingi 1,500 kwa siku, siku 180 ni shilingi 270,000. Inauma, lakini mtamba huyo hajapungukiwa kitu: maziwa yake yote bado yako mbele, yamechelewa tu.

Taabu huanza jozi ya nne ikishatoka. Baada ya hapo hakuna jino jipya la kuhesabu, na msomaji wa kinywa hubaki kupima kuchakaa. Jozi ya katikati husawazika kwanza, kisha zinazofuata kwa zamu. Ng'ombe akifika miaka kumi au kumi na miwili, meno huwa yameachana, mengine yamebaki visiki. Kuchakaa huko hakufuati kalenda, hufuata chakula. Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, mashamba ni madogo na yamelala kwenye miteremko, kwa hiyo ng'ombe wa maziwa hufungiwa bandani na kuletewa majani ya tembo yaliyokatwa. Mwenzake wa tambarare ya Handeni au Korogwe hung'oa nyasi fupi pamoja na mchanga wake. Wawili hao waliozaliwa mwaka mmoja hawatakuwa na kinywa kimoja. Wa bandani ataonekana kijana kuliko alivyo, na hilo humfaa muuzaji.

Hapo ndipo penye fedha. Chukua chotara anayetoa wastani wa lita 8 kwa siku. Akikamuliwa siku 305 baada ya kuzaa, ni lita 2,440. Weka lita kwa shilingi 1,000, nazo ni shilingi 2,440,000. Toa asilimia 60 kwa chakula, dawa na kazi. Utabaki na 976,000 kwa kila kuzaa. Bei hizi ni za mfano, kila mtu aingize za kijijini kwake, ila mwenendo wa hesabu haubadiliki.

Sasa tuseme ng'ombe huyu ataondolewa kundini akiwa na miaka 11, na huzaa kila baada ya miezi 15. Vitabu hupenda mwaka mmoja, lakini mfugaji mdogo anayengoja mhimilishaji apande mlima anajua kwamba mwaka mmoja ni nadra. Aliyeambiwa miaka sita ana miezi 60 mbele, yaani kuzaa mara nne. Kama kumbe ng'ombe ana miaka tisa, amebakiwa na miezi 24, ambayo ukiigawa kwa 15 haifiki hata mara mbili. Tumpe bahati tuhesabu mbili kamili. Tofauti ni kuzaa mara mbili, shilingi 1,952,000. Aliyemnunua kwa milioni mbili amelipa karibu bei yote kwa maziwa ambayo hayatakuja.

Linganisha 270,000 na 1,952,000. Kosa la uzeeni ni ghali zaidi ya mara saba kuliko la ujanani, na meno huona vizuri ujanani tu. Kwa maoni yangu, fundi anayesifiwa kwa kutaja umri wa mtamba hajafanya kazi kubwa. Mlete mbele ya ng'ombe wa miaka minane ndipo umpime.

Wenye farasi wana nafuu. Farasi ana meno ya mbele 12, juu na chini, na jozi za kudumu hutoka kwenye miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu. Baada ya hapo jino huendelea kusukumwa nje ya ufizi milimita mbili hadi tatu kwa mwaka, na katika kuchakaa kwake hufichua alama zilizokuwa ndani. Vishimo vya juu ya meno ya chini hufutika kwa zamu kwenye miaka sita, saba na minane. Mfereji wa jino la pembeni la juu huchungulia kwenye miaka 10 na kufika mwisho kwenye 20. Galvayne, mfunza farasi wa karne ya 19, ndiye aliyeutangaza hata ukaitwa kwa jina lake. Hata hivyo, baada ya miaka kumi wataalamu wenyewe hupishana, na walanguzi wa Uingereza walikuwa wakichimba vishimo vya uongo na kuvichoma viwe vyeusi. Huku kwetu ndorobo na tauni ya farasi vilimfanya mnyama huyo awe adimu, na milima ya Usambara ikabaki ya ng'ombe. Wajerumani walifungua humo shamba la majaribio la Kwai mwaka 1896, wakijaribu mazao na mifugo ya Ulaya kwenye baridi hii. Mradi wa ng'ombe wa maziwa wa mkoa wa Tanga, ulioanza 1985 kwa msaada wa Uholanzi, ndio uliosambaza mitamba chotara kwa wafugaji wadogo.

Ng'ombe mwenye pembe ana kumbukumbu ya pili. Kila akizaa, pembe huacha pete, kwa sababu mimba na maziwa humnyang'anya lishe. Hesabu pete, ongeza mbili: pete tano, miaka saba hivi. Lakini tupa ya fundi seremala hufuta pete hizo kwa dakika chache, na chotara wengi walishakatwa pembe wakiwa ndama. Daftari la uhimilishaji likiwepo linashinda vyote. Hereni ya kielektroniki, ambayo serikali ilipoanza kuisambaza ilitangazwa kwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe, humfunga mnyama na kumbukumbu zake, mradi tarehe iandikwe akiwa ndama. Akivishwa mzee, umri utakaosajiliwa utakuwa uleule wa kukisia.

Kwa hiyo mnunuzi asiye na daftari mbele yake aache kununua miaka, anunue idadi ya kuzaa. Milioni mbili kwa kuzaa mara nne ni shilingi 500,000 kwa kila mara. Kinywa kikiwa na meno manane yote yaliyosawazika, na muuzaji anasema miaka sita, hesabu mara mbili na uanzie milioni moja.